Mchezaji Anayehama Naye ni Mfanyakazi

Katika visiwa vyetu hapapiti siku bila ya mpira wa miguu kuzungumzwa. Barazani, sokoni na hata bandarini watu hubishana juu ya nani amefunga na nani amekosa. Lakini iko hukumu moja ambayo hutolewa kwa wepesi mno. Mshambuliaji akihama klabu mbili au tatu katika muda wa miaka michache, huambiwa kuwa hana msimamo, hana mapenzi na timu, anafuata fedha tu. Sisi tunaiona hukumu hiyo kuwa si ya haki. Tunaiona pia kuwa na madhara, kwani inawaficha wananchi na viongozi jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni kwamba mchezaji wa kulipwa ni mfanyakazi. Kuhama kwake ni kuhama kwa mfanyakazi kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwengine, na kazi isiyoandikwa popote mara nyingi humdhulumu yule anayeifanya.

Tuchukue mfano kwa jirani zetu wa Komoro, ambao wengi wetu hapa Unguja tuna damu nao. Mshambuliaji El Fardou Ben Mohamed, ambaye katika orodha za vilabu aliwahi pia kuandikwa Ben Nabouhane, alizaliwa mwaka 1989 Mayotte, kisiwa kilichobaki chini ya Ufaransa wakati vyengine vitatu vya Komoro vilipojitangazia uhuru mwaka 1975. Alianza kazi ya mpira wa kulipwa huko Ufaransa katika klabu ya Le Havre, kisha akaichezea Vannes. Kutoka hapo alikwenda Ugiriki, na katika nchi hiyo peke yake alizichezea Veria, Panionios na Olympiacos, klabu yenye mataji mengi ya ubingwa kuliko zote nchini humo. Mapema mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 28, alifungasha tena mizigo yake na kwenda Serbia kujiunga na Red Star Belgrade.

Anayezisoma klabu hizo kwa pupa atasema kuwa huyu ni mtu wa kutangatanga. Lakini tuitazame kazi yenyewe. Tarehe 29 Agosti 2018 Red Star ilikuwa ugenini Austria ikicheza na Salzburg mchezo wa marudiano wa kuwania nafasi katika makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Mchezo wa kwanza mjini Belgrade ulikuwa umemalizika bila ya bao. Salzburg ikatangulia kwa mabao mawili, na wengi wakaona kwamba safari imekwisha. Ndipo Ben Mohamed alipofunga bao la kwanza, na kabla ya wenyeji hawajavuta pumzi, akafunga la pili. Mchezo ukaisha kwa mabao 2-2, na kwa sheria ya bao la ugenini iliyokuwapo wakati huo, Red Star ikasonga mbele. Klabu hiyo, iliyokuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1991, haikuwa imefika katika hatua ya makundi ya mashindano hayo makubwa tokea msimu wa 1991/92. Aliyeirudisha ni kijana wa visiwani ambaye alikuwa nayo kwa miezi michache tu.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hayo ndiyo maisha ya mshambuliaji wa kulipwa ugenini. Hapewi muda wa kuzoea baridi, chakula wala lugha. Anatakiwa afunge, na akikosa kufunga kwa majuma kadhaa, kiti chake hukaliwa na mwengine. Mlinzi anaweza kudumu katika timu kwa utulivu wake, na mlinda mlango kwa uzoefu wake. Mshambuliaji hupimwa kwa hesabu ya mabao, na hesabu hiyo huanza upya kila msimu. Kwa hiyo kuhama kwake mara nyingi si tabia. Ni sharti la kazi aliyoichagua.

Tena kuhama huko hakukumtenga na kwao. Tarehe 18 Januari 2022, mjini Garoua huko Kamerun, Komoro ilikutana na Ghana katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Komoro, nchi isiyofikia watu milioni moja, ilikuwa imejiunga na FIFA mwaka 2005 tu, na hizo zilikuwa fainali zake za mwanzo. Ilikuwa imeshapoteza michezo miwili bila ya kupata hata bao moja. Katika dakika za mwanzo kabisa Ben Mohamed akafunga, na hilo likawa bao la kwanza la nchi hiyo katika historia ya fainali hizo. Mabao mawili yaliyofuata yalifungwa na Ahmed Mogni, ambaye wakati huo alikuwa akiichezea Annecy katika daraja la tatu la Ufaransa. Komoro ilishinda 3-2, na Ghana, bingwa mara nne wa Afrika, ikafunga safari ya kurudi nyumbani. Washambuliaji wawili ambao hakuna klabu kubwa ya Ulaya iliyokuwa ikigombania saini zao waliipa nchi yao furaha ambayo haijapata kuijua.

Kwa nini tunayasema haya kwa wananchi wa Unguja na Pemba na kwa viongozi wao? Ni kwa sababu nyuma ya kila hatua ya mchezaji wa namna hii pana karatasi. Pana mkataba, pana cheti cha uhamisho, na pana kile kinachoitwa pasipoti ya mchezaji, ambayo huorodhesha kila klabu iliyomsajili tokea msimu aliotimiza miaka 12. Hiyo siyo pasipoti ya kuvukia mipaka. Ni kumbukumbu ya malezi yake, na ndani ya kumbukumbu hiyo mna fedha.

Kanuni za FIFA ziko wazi. Mchezaji mwenye mkataba anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine, asilimia 5 ya bei yake hutengwa kwa ajili ya vilabu vilivyomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15, klabu iliyomlea hupata robo ya asilimia moja ya bei. Kwa kila msimu kati ya miaka 16 na 23, hupata nusu ya asilimia. Tufanye hesabu ndogo. Kijana akiuzwa kwa dola 1,000,000, klabu ya mtaani iliyokuwa naye kwa misimu minne ya mwanzo ina haki ya dola 10,000. Klabu iliyokuwa naye alipokuwa na miaka 16, 17 na 18 ina haki ya dola 15,000. Na haki hiyo hurudi tena kila anapouzwa kwa namna hiyo. Mbali ya hayo iko fidia ya mafunzo, ambayo hudaiwa kijana anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kuwa mchezaji wa kulipwa, na baadaye anapohama nchi kabla ya kumaliza mwaka anaotimiza miaka 23. Tokea Novemba 2022 FIFA imekuwa na chombo maalumu mjini Paris cha kuzihesabu na kuzipitisha fedha hizo.

Sasa tuulize bila ya kificho. Ni vilabu vingapi vya Unguja na Pemba vinavyoweza kuonyesha leo hati zinazothibitisha kuwa kijana fulani alisajiliwa kwao alipokuwa na miaka 12, 13 au 14? Dola 10,000 kwa klabu ya kijijini ni jezi, mipira, matengenezo ya kiwanja na nauli za misimu mingi. Lakini fedha hizo haziji kwa ushahidi wa wazee wanaomkumbuka mtoto akicheza pekupeku. Zinakuja kwa jina, tarehe na muhuri. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Watakuwapo wenye kusema kwamba Zanzibar haina sauti katika mambo haya, kwa kuwa si mwanachama wa FIFA. Ni kweli kwamba CAF ilitupokea kuwa wanachama kamili mwezi Machi 2017 na kuufuta uanachama huo Julai mwaka ule ule, na kwamba mlango wa FIFA kwa upande wetu ni Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF. Lakini uanachama si kalamu wala karatasi. Hakuna kanuni inayomzuia katibu wa klabu kuandika jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa. Kutokuwa na kiti Zurich kunatulazimisha kuwa waangalifu zaidi wa kumbukumbu zetu.

Watakuwapo pia wenye kusema kuwa wachezaji wengi wa daraja hili huhama mikataba yao ikiwa imekwisha, bila ya bei yoyote, na kwa hiyo asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo inayoonyesha kwamba suala la kwanza ni mchezaji mwenyewe kabla ya klabu. Asiyeuzwa kwa bei kubwa hana ngao nyengine ila mkataba wake. Kanuni hizo hizo zinasema kuwa mkataba wa mchezaji usizidi miaka 5, na kama hajatimiza miaka 18 usizidi miaka 3. Zinasema kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria anaweza kuuvunja mkataba, baada ya kumwandikia mwajiri na kumpa siku 15 za kulipa. Zinazuia mtoto wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyengine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kijana anayeyajua haya hadanganyiki kwa urahisi. Asiyeyajua atatia saini asichokisoma, na akifukuzwa ugenini hatakuwa na pa kushika.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wanaohusika. Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar, ZFF, lihakikishe kuwa kila klabu, pamoja na timu za watoto, ina daftari la usajili linaloanza na umri wa miaka 12, na kwamba nakala ya daftari hilo inawekwa mahali pamoja, Unguja na Pemba. Wizara inayosimamia michezo ikae pamoja na TFF ili kumbukumbu za Zanzibar ziingie katika pasipoti za wachezaji bila ya pengo. Maofisa wa kazi wauhesabu mkataba wa mchezaji kuwa ni mkataba wa ajira kama mwengine wowote, na wawe tayari kumsomea na kumfafanulia kijana kabla hajatia saini. Walimu wa skuli nao wasimruhusu mtoto mwenye kipaji kuyatupa madaftari yake, kwani kazi ya mshambuliaji ni fupi na goti moja linaweza kuikatiza.

Kwa mashabiki tuna ombi dogo. Kijana wetu akivuka bahari kwenda Bara, na kutoka Bara kwenda ng'ambo, tusihesabu klabu alizohama kama mtu anayehesabu makosa. Tuulize kama analipwa, kama ana mkataba, na kama klabu iliyomfundisha kupiga mpira imeandikwa katika karatasi zake. Majibu ya maswali hayo yataonyesha kama tumemtuma kazini au tumemtupa tu. Tunataraji kwamba msimu ujao hautaanza kabla ya madaftari hayo kufunguliwa.