Picha Zinazonyamaza

Ndugu msomaji, lau mwanao angekuletea kitabu cha picha za Ugiriki, akakuonyesha mwanamke achezaye uchi kati ya nguzo za hekalu la Athena, najua ungefanyaje. Ungesema "Astaghfirullahi", ungekifunga kitabu, ukadhani kazi yako imekwisha. Haikwisha. Umeukataa uchi, na uongo umeupisha mlangoni.

Picha hizo alizipiga huko Athens katika miaka ya 1920 mwanamke wa Kigiriki aliyejulikana kwa jina la Nelly's. Wagiriki wenyewe walipiga kelele kwa kuona uchi juu ya Acropolis. Kisha akampiga mchezaji mwingine, Nikolska, aliyejifunga shela jepesi lipeperukalo kwa upepo. Nasi tutazamapo twatakiwa tuamini kuwa mungu wa kike amerudi kwake.

Kwake wapi? Jengo hilo lilijengwa katika karne ya 5 kabla ya Nabii Isa. Baadaye likawa kanisa, kwa karibu miaka elfu. Waturuki walipouteka mji, katika karne ya 15, likawa msikiti wenye mnara wake. Mwaka 1687 kombora la Wavenisi likaangukia baruti waliyoiweka humo Waturuki wenyewe (na hilo tulikiri), likapasuka. Ukajengwa msikiti mdogo katikati ya magofu, watu wakasali humo. Nao ukabomolewa katika karne ya 19, Ugiriki ilipokwisha kujitawala, ili pabaki pa kale tu.

Hayo yote picha haiyasemi. Mahali palikuwa pamekwisha kufagiliwa, naye akaja na kamera yake juu ya ufagio huo.

Wala usidhani ni mchezo wa wasanii. Katika utawala wa kidikteta wa Metaxas, Nelly's alitengeneza picha kubwa za kupamba banda la Ugiriki katika maonyesho ya dunia ya New York ya 1939. Miaka hiyo hiyo aliweka sura za watu wa vijijini ubavuni mwa masanamu ya kale, ili mtazamaji aone kuwa damu ni ile ile. Hilo ndilo sanamu liabudiwalo. Athena leo hana hata wa kumchinjia kuku. Nasaba ina waja wengi.

Simlaumu kwa yote. Alizaliwa Aydin, Anatolia, mwaka 1899. Mji huo uliungua vitani mwaka 1919, na Wagiriki wa huko wakawa wakimbizi. Aliyepoteza kwao hutafuta kwao pa zamani. Lakini huo ni udhuru, si ushahidi.

Na wewe usicheke, uliyetundika silsila ya mababu ukutani, ukamruka bibi yako mzaa babu kwa kuwa alitoka bara. Hukupiga picha, lakini umefagia.

Basi mtoto akija tena na kitabu, usikifunge upesi. Muulize: kabla ya mchezaji huyu kusimama hapa, walisimama kina nani, na nani aliyewaondoa?