Ni michoro tu ya wanyama?

Mwezi uliopita ukuta wa kituo chetu cha vijana ulipakwa rangi nyeupe. Ng'ombe, samaki na mamba waliochorwa na watoto, wote wakafunikwa. Wageni walikuwa wanakuja. Nilipouliza, nikajibiwa: "Ni michoro tu ya wanyama, haina ujumbe wowote."

Jibu langu linatoka mbali, Scotland, kwenye mji mdogo wa pwani unaoitwa Burghead. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita ilikuwa ngome ya Wapikti. Hilo jina waliitwa na Warumi, maana yake watu waliopakwa rangi. Maandishi yao wenyewe yamebaki machache sana; habari zao nyingi tunazipata kwa majirani na maadui. Lakini walichonga mawe. Walichonga samaki, tai, nyoka, mbwa-mwitu, na mnyama mmoja ambaye mpaka leo wataalamu hawakubaliani ni nani. Pale Burghead walichonga mafahali. Mistari michache tu, bega, paja, kichwa kimeinama, na unamwona fahali mzima.

Mwanzoni mwa karne ya 19 watu walijenga mji mpya na bandari hapo. Ngome ikabomolewa, mawe yake yakaenda kwenye ujenzi. Inasemekana mafahali walioonekana walifika kama 30. Leo wamebaki 6. Mmoja yuko London, kwenye makumbusho, na watu wanasafiri kwenda kumtazama.

Wale wajenzi hawakuwa watu wabaya. Walihitaji bandari. Waliona mawe tu, basi.

Sasa wasomi wanabishana: fahali alikuwa wa ibada? Alikuwa nguvu ya mfalme? Wenye jibu walishakufa zamani. Sisi wetu wapo! Aliyechora yule mamba yuko darasa la nne, kila jioni anapita hapa na ndoo ya maji. Nani alimuuliza?

Najua mtasema: mgao umepungua, wewe unalilia rangi? Ndiyo, nalilia. Mbona pesa ya rangi nyeupe ilipatikana?

Ndugu zangu wa mashirika, na nyinyi wazazi mliokaa kimya, siombi makumbusho. Kabla ya kupaka, mwiteni mtoto, mwulizeni alichora nini, pigeni picha ya mchoro wake. Ni kazi ya asubuhi moja.

Ukuta umeshakauka. Tutachora tena.