Wembe ni ule ule, mpini ndio mpya

Leo tuweke kompyuta pembeni kidogo, ingawa mwenye macho ya programu ataona kwamba hatujaenda mbali. Nataka kuzungumzia zile nyembe za kukunja za zamani, za chuma kitupu, zilizokuwa mikononi mwa vinyozi kabla ya mashine za umeme. Huku kwetu Nakuru bado zinajitokeza mara moja moja, kwenye rundo la vyuma chakavu au ndani ya sanduku la marehemu babu. Reli ilifika hapa mwaka 1900, walowezi wakafuata, na zama hizo nyembe zenye sifa zilikuwa za Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani.

Wapo wapenda vitu vya kale wanaosema wembe ukiwa na mpini wake wa asili usiuguse, kwamba ukiubadilisha umeua historia. Mimi nasema hapana. Mara nyingine mpini huo wa asili ndio unaoua wembe.

Chukua mipini ya seluloidi. Hii ni plastiki ya mwanzo kabisa kupata soko, iliyoendelezwa na John Wesley Hyatt wa Marekani tangu mwaka 1870 hivi, na baadaye ikatumika kwenye filamu za sinema. Iliweza kufananishwa na pembe za ndovu au gamba la kasa, tena kwa bei nafuu. Lakini seluloidi hutengenezwa kwa asidi ya nitriki, na ikizeeka huanza kuoza yenyewe na kutoa mvuke wa asidi. Wembe nao umekunjwa humo ndani, miaka nenda miaka rudi. Ukikuta kutu imekula sehemu inayolala ndani ya mpini, huku mkia wa wembe ulio nje ukiwa safi, basi mshukiwa unaye. (Na usiisogeze karibu na moto, inawaka vibaya sana.)

Sisi waandika programu tunaujua ugonjwa huu. Unaazima maktaba ya msimbo iliyoandikwa na mtu mwingine, inaoza kimya kimya, na kinachoharibika ni kazi yako wewe. Dawa ni kuing'oa.

Kung'oa mpini si kazi ngumu. Ni mabamba mawili yaliyoshikwa na misumari myembamba ya shaba, miwili au mitatu. Unasaga kichwa cha msumari kwa tupa ndogo, unausukuma, wembe unatoka. Waliounda kitu hiki zaidi ya miaka mia iliyopita walimwachia fundi mlango. Simu iliyo mfukoni mwako imefungwa kwa gundi.

Sasa kwenye chuma chenyewe ndiko ninakokuwa mkali. Usimpe mtu mwenye grainda! Chuma cha wembe kilikomazwa kwa moto kwa vipimo, na joto likifika nyuzi 300 hivi utaona rangi ya buluu imejitokeza. Hapo ugumu umekwenda, hata ukinoa wiki nzima makali hayakai. Tumia msasa wa maji, kwa mkono, taratibu. Vishimo vya kutu vilivyo mbali na makali viache vilivyo. Muhuri wa kiwanda usiuguse kabisa. Ukiona neno England, kuna uwezekano mkubwa wembe huo ni wa baada ya 1891, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa zinazoingia kule ziandikwe nchi zilikotoka. Anayesugua mpaka ung'ae kama kioo ndiye anayefuta historia, si mimi na mpini wangu.

Mpini mpya uwe wa nini? Pembe ya ng'ombe inafaa sana, unailainisha kwa joto kisha unaibana ikanyooka, na machinjioni hazikosekani. Au mzeituni wa mwituni, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu na Wamaasai oloirien: mgumu, mzito, mistari yake inapendeza. Usikate mti kwa ajili hiyo, jamani. Bamba moja lina urefu wa sentimita 15 hivi, masalio ya seremala yanatosha. Pembe za ndovu sahau. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali, na mwaka 2016 zilichomwa tani 105 pale Nairobi dunia nzima ikitazama.

Anayebisha bado kuhusu uasili wa mpini aende Hyrax Hill, hapa hapa Nakuru, alikochimba Mary Leakey mwaka 1937. Ataona visu vya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano. Makali yapo. Vishikio, kama vilikuwepo, vilioza zamani. Wa kwangu nimeufunga kwa misumari ya shaba bila tone la gundi, ili atakayeuchukua baadaye aung'oe akipenda.

Jambo moja la afya. Wembe huu ni wa mtu mmoja, kama mswaki. Kuufuta kwa spiriti baina ya mteja na mteja hakutoshi kuzuia virusi vya ukimwi na vya homa ya ini. Kwa kinyozi, dai wembe mpya unaofunguliwa mbele yako.