UCHAMBUZI: Kifungo kifupi, mzigo mrefu kwa wenzi wanaoishi mbalimbali

KIFUNGO cha miezi mitatu hakitikisi vichwa vya habari. Hakimu hukitamka kwa dakika chache katika mahakama ya Thika au Ruiru, karani akaandika, na faili inayofuata ikaitwa.

Lakini kwa mwanamke anayefanya kazi ya nyumbani Saudi Arabia huku mumewe akiwa Ruiru, au kwa mume aliyebaki kulima Kitui huku mkewe akivuna mananasi Thika, siku hizo tisini zaweza kuibomoa nyumba ambayo umbali wenyewe ulikuwa umeshindwa kuibomoa.

Miji hii miwili ya Kaunti ya Kiambu ni mahali pafaapo kulitazama suala hili. Thika, iliyopewa lakabu ya 'Birmingham ya Kenya' kwa wingi wa viwanda vyake, na Ruiru, ambayo sensa ya 2019 iliihesabia wakazi 490,120, ni miji ya wahamiaji. Wengi walifika kutafuta riziki, wakapanga chumba kimoja, na kumwacha mke, mume au mchumba kwingineko.

Vilevile, jela si jambo geni huku. Ruiru ndiko kuliko chuo cha kuwafunza askari wa magereza, na Thika ina magereza ya wanaume na ya wanawake. Wengi wanaopitia milango hiyo si majambazi sugu. Ni watu waliouza pombe haramu, waliopigana kilabuni, walioendesha bodaboda bila bima au walioshindwa kulipa faini.

Mtu wa aina hiyo akishikwa, tatizo la kwanza la mwenzi aliye mbali ni kutojua. Simu ya mshukiwa huchukuliwa kituoni na kuzimwa. Siku ya pili, ya tatu, mpigaji haambiwi lolote ila kwamba mteja hapatikani. Katika pengo hilo huingia shuku ya usaliti, na majirani wenye ndimi nyepesi hulijaza kwa uvumi.

Katiba ya 2010 ililiona pengo hilo. Kifungu cha 49 kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao anahitaji msaada wao. Kinataka pia afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya kwanza ya kazi inayofuata iwapo muda huo utakwisha wakati korti zimefungwa.

Kifungu hicho kinaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimruhusu yeyote kumtia mshukiwa rumande. Mwenzi aliye Jeddah au Kakamega akilijua hilo, ana swali la kuuliza badala ya machozi pekee.

Haki hiyo ya kuwasiliana, hata hivyo, haina maana kwa mtu asiyekumbuka nambari yoyote kichwani. Zamani tulizihifadhi nambari akilini. Leo tumeikabidhi simu kumbukumbu zetu zote. Wenzi wanaoishi mbalimbali wana wajibu wa kukariri nambari moja, na kukubaliana mapema juu ya mtu mmoja mwaminifu aliye karibu ambaye ataweza kufika kituoni. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tatizo la pili ni fedha, na hapa siku huhesabika kuliko shilingi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kumfuta papo hapo mfanyakazi aliyekamatwa kwa kosa linaloadhibiwa kwa kifungo, ikiwa hajaachiliwa kwa dhamana au kwa njia nyingine halali ndani ya siku 14.

Kwa mfanyakazi wa kiwanda cha Thika, basi, dhamana inayolipwa siku ya 10 na ile inayolipwa siku ya 20 si dhamana moja. Ya kwanza yaweza kuokoa kazi. Ya pili humtoa mtu rumande na kumpeleka katika ukosefu wa ajira.

Faini nayo ina hesabu yake. Kanuni ya Adhabu inaweka ukomo wa kifungo cha asiyelipa: faini isiyozidi Sh2,500 haifai kuleta zaidi ya mwezi mmoja, isiyozidi Sh15,000, miezi mitatu, na isiyozidi Sh50,000, miezi sita. Kifungo hicho hukoma pindi faini inapolipwa yote. Na inapolipwa sehemu tu, siku zilizosalia hupunguzwa kwa kadiri ya kilicholipwa.

Maana yake ni kwamba mwenzi aliye mbali hana haja ya kukata tamaa kwa kuwa hakuzipata Sh20,000 zote siku ya hukumu. Hata nusu yake ina thamani, na thamani hiyo ni majuma ya uhuru.

Hata hivyo, hofu ni rafiki wa matapeli. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, kutuma fedha kumekuwa kazi ya dakika moja, na kulaghaiwa vilevile. Mtu hupiga akijiita afisa wa polisi au karani, akidai 'kitu kidogo' ili faili ipotee.

Kanuni ni moja. Pesa za mahakama hulipwa kwa akaunti ya serikali, kwa nambari ya kesi, na hutolewa risiti. Dhamana ya fedha taslimu ni amana. Hurejeshwa kesi inapokwisha iwapo mshtakiwa ametii masharti. Anayetaka itumwe kwa nambari yake binafsi hana nia njema.

Tatizo la tatu ni kimya cha gerezani. Mfungwa haruhusiwi kumiliki simu ya mkononi, barua husomwa na maafisa, na ziara zina siku na saa zake. Machi 2020, janga la Covid-19 lilipoingia nchini, ziara zilisitishwa kabisa, na familia zote zikaonja kile ambacho mwenzi aliye ng'ambo hukionja daima.

Barua, ambayo vijana wengi huiona kama kitu cha mababu, hapo hupata uhai upya. Haihitaji kuwa ndefu. Itaje mtoto amepanda darasa gani, kodi ya chumba imelipwa hadi mwezi gani, na kwamba mwandishi bado yupo. Yasiandikwe mambo ya kesi, kwa kuwa macho ya kwanza kuisoma si ya mpendwa.

Anayesubiri ahesabu siku kwa usahihi pia. Sheria ya Magereza inamruhusu mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja kupunguziwa thuluthi moja ya kifungo kwa bidii na mwenendo mwema, mradi atumikie angalau mwezi mmoja. Miezi sita yaweza kuwa minne, na mitatu ikawa miwili. Wako waliorudi nyumbani kabla ya kutarajiwa, wakakosa hata wa kuwapokea langoni.

Na kurudi ndiko kugumu zaidi. Anayetoka hukuta pengine kufuli jipya mlangoni, vitu vyake vimehifadhiwa kwa jirani, kazi imepewa mwingine na madeni ya simu yameongezeka. Mwajiri mpya atamtaka cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi. Mbele ya mwenzi wake ana aibu. Mbele ya rafiki wa zamani ana kiti na glasi vinavyomsubiri.

Teresa Njoroge, aliyekuwa mfanyakazi wa benki kabla ya kufungwa mwaka mmoja katika gereza la wanawake la Lang'ata akiwa na mtoto mchanga, na ambaye baadaye mahakama ilimwondolea hatia, alilitambua jambo hilo. Alianzisha shirika la Clean Start kuwasaidia wanawake wanaotoka jela. Kazi yake inatukumbusha kwamba lango la gereza likifunguka, adhabu nyingine, isiyoandikwa na hakimu yeyote, huanza.

Afanye nini aliye mbali katika majuma hayo ya mwanzo? Kwanza, asigeuke hakimu wa pili. Maswali ya kilichotokea yana wakati wake, na simu ya usiku wa kwanza si wakati huo. Pili, msaada wa fedha uwe na shabaha: kodi ilipwe kwa mwenye nyumba moja kwa moja, na nauli ya kutafuta kazi iwe kidogo kidogo. Tatu, wapange siku ya kuonana ana kwa ana, maana kuna majeraha ambayo sauti ya simu haiyafikii.

Lakini uvumilivu una mpaka. Ikiwa kosa lilikuwa ni kumpiga mwenzi huyo huyo au watoto, hakuna mila wala mapenzi yanayomlazimu kumpokea. Aidha, anayerudia kosa lile lile akitegemea hawala ya kila mwezi kutoka Ghuba hasaidiwi tena, bali anafadhiliwa.

Wako watakaosema kwamba mkosaji na aubebe msalaba wake. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba kifungo kifupi hakimrekebishi mtu. Muda wake hautoshi kumfunza ufundi, ila unatosha kumpotezea kazi. Anayelipa hasa ni mtoto anayefukuzwa shule kwa karo, na mke anayeongeza mkataba wa miaka miwili ughaibuni kuziba pengo.

Bunge lilikwisha kutoa njia nyingine. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inaiwezesha mahakama kumpa mkosaji anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu kazi ya umma bila malipo, huku akilala kwake. Aprili 2020, Idara ya Mahakama ilipowaachilia maelfu ya wafungwa wa makosa madogo ili kupunguza msongamano wakati wa janga, ilidhihirika kwamba wengi wao hawakuhitaji kuwa ndani.

Mahakimu wa Thika na Ruiru wanapaswa kuitumia sheria hiyo kwa ukarimu zaidi. Maafisa wa probesheni, wanapoandika ripoti zao kwa korti, wamtafute kwa simu pia mwenzi aliye mbali. Yeye mara nyingi ndiye anayejua kama mshtakiwa ana nyumba ya kurudia. Nayo magereza yaweke utaratibu wa kuijulisha familia tarehe ya kuachiliwa, popote ilipo.

Hayo hayahitaji bajeti kubwa wala sheria mpya. Yanahitaji tu kukubali kwamba mtu mmoja anapofungwa Thika, huenda kuna mwingine anayetumikia kifungo hicho hicho kilomita elfu kadhaa kutoka hapo, bila kushtakiwa.