Silinda Mbili Haikufa, Ilifukuzwa

Ipo imani iliyokaa vichwani mwa wapenda pikipiki, na kwenye vijiwe vya Sumbawanga inasemwa kana kwamba ni amri: silinda nyingi ndiyo pikipiki, silinda mbili ni mambo ya wazee, na ushahidi ni kwamba kwenye mbio za dunia za superbike hazionekani tena. Ushahidi ni wa kweli. Hitimisho ni la uongo, na linamdanganya kijana wa Ufipa anayeuza magunia ya mahindi ili anunue pikipiki.

Tuanze na historia, maana ndiyo inayopotoshwa. Mashindano ya dunia ya superbike yalianza mwaka 1988. Kanuni za mwanzo ziliipa injini ya silinda nne CC 750, na ya silinda mbili iliruhusiwa kufika CC 1,000. Ducati ya Italia ikaingia na silinda zake mbili, na tangu Raymond Roche achukue ubingwa mwaka 1990, Wajapani hawakulala. Doug Polen alishinda mara mbili, Carl Fogarty mara nne, Troy Bayliss mara tatu. Honda, waliotwaa misimu miwili ya kwanza kwa silinda nne, mwishowe wakasalimu amri na kutengeneza silinda mbili yao wenyewe, VTR1000 SP. Colin Edwards akaibebea ubingwa mwaka 2000 na 2002. Tajiri wa silinda nne akikubali kuvaa nguo ya mpinzani wake, kijiwe kinapaswa kujiuliza kwa nini.

Mwaka 2003 kanuni zikageuka, silinda nne nazo zikapewa CC 1,000. Hapo hesabu haina ubishi: CC zikiwa sawa, silinda nne zina pistoni ndogo na mwendo mfupi, kwa hiyo zinazunguka haraka zaidi na kutoa farasi wengi zaidi. Silinda mbili zikaja kuongezewa hadi CC 1,200 mwaka 2008, na mwaka huohuo Bayliss akabeba kombe. Kisha ukaja msimu wa 2011, ambao wanaosema silinda mbili zilishindwa hawapendi kuukumbuka. Ducati walikuwa wameshaondoa timu yao ya kiwanda. Carlos Checa, akiwa na timu binafsi ya Althea na pikipiki ya silinda mbili, alishinda mbio 15 na kutwaa ubingwa. Malipo yake? Msimu uliofuata silinda mbili zikaongezewa uzito wa kilo 6.

Sikatai kwamba Jonathan Rea na Kawasaki yake ya silinda nne waliwatesa wote kuanzia 2015 hadi 2020. Ila katika miaka hiyo Chaz Davies, juu ya Ducati ya silinda mbili, alimaliza wa pili kwenye msimamo zaidi ya mara moja. Anayeshika nafasi ya pili duniani hajafa. Mwaka 2019 Ducati wenyewe wakaleta Panigale V4 R ya silinda nne, Álvaro Bautista akashinda mbio 11 za kwanza mfululizo, na watu wakasema: mmeona? Mimi naona kitu kingine. Injini ile imepangwa ilipue silinda zake jozi kwa jozi, ili tairi la nyuma lipate nafasi ya kushika lami kati ya msukumo na msukumo, na Ducati wakaupa mpangilio huo jina la Twin Pulse, yaani mapigo ya silinda mbili. Yamaha nao walikuwa wameshaikunja upya krenki ya R1 tangu 2009 kutafuta mshiko wa namna hiyo. Waliotangaza msiba ndio wanaomwiga marehemu.

Sasa turudi nyumbani. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya sita, na kila injini isiyosukumiwa hewa kwa mashine inapoteza nguvu kwa kiasi hicho, iwe na silinda moja au nne. Wafipa wa zamani waliifahamu hewa yao: matanuri yao marefu ya kuyeyushia chuma, malungu, yaliivuta yenyewe bila mivukuto. Sisi tunanunua pikipiki kwa kusoma namba ya spidi iliyochorwa kwenye dashibodi.

Angalia njia ya Ntendo kwenda Muze, inapoporomoka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Bonde la Ziwa Rukwa. Kutoka uwandani hadi ziwani ni tofauti ya karibu mita 1,000. Dereva anayepandisha gunia la mpunga kutoka bondeni kwa Boxer ya CC 150, yenye farasi kama 12, hashughuliki na spidi ya mwisho. Yuko gia ya pili, wakati mwingine ya kwanza, anasikiliza injini isikate pumzi kwenye kona. Akifika mjini, fundi anafungua plagi na kuikuta nyeusi ti, kwa sababu hewa imepungua na petroli inaingia ileile. Wajanja wameshabadilisha spoketi ya nyuma wakaweka kubwa, wakakubali kupoteza spidi ili wapate mvuto. Yule fundi mwenye mikono ya grisi amelielewa jambo ambalo mashabiki hawajalielewa: pikipiki inapanda kwa nguvu ya kuvuta kwenye mizunguko ya chini. Hapo ndipo silinda mbili zilipojengea jina. Pikipiki ya mbio ya CC 600 yenye silinda nne inatoa ubora wake ikivuka mizunguko 10,000 kwa dakika. Kwenye kona za kule utaifikishaje?

Kwa hiyo tuache kuwaambia vijana kwamba maendeleo yanahesabiwa kwa silinda. India, nchi inayotuletea Boxer na TVS, inatengeneza Royal Enfield za silinda mbili za CC 650 na ina mashindano maalumu ya pikipiki hizo. Mtu anayetoka kwenye silinda moja ya CC 150 na kutaka mashine kubwa ya milimani, hatua yake ya pili ni hiyo, wala si roketi ya silinda nne.

Na kwenye mbio zenyewe, jeneza liko wapi? Nicolò Bulega alikuwa bingwa wa dunia wa Supersport, daraja lililo chini ya superbike, mwaka 2023 kwa Ducati Panigale V2 ya silinda mbili, Adrián Huertas akafuata mwaka 2024 kwa pikipiki hiyohiyo. Mashindano ya dunia ya wanawake yaliyoanza 2024 yanaendeshwa yote kwa Yamaha R7, silinda mbili. Kilichobaki ni mlango wa juu kabisa, na ufunguo wanao waandika kanuni. Waliweka ukomo wa mizunguko kwa kila pikipiki mwaka 2018, kwa hiyo kupima na kusawazisha wanakuweza. Waiachie silinda mbili CC zake 1,200 bila kilo za adhabu, kisha waone kama viwanda vitakaa kimya. Ducati walioitoa uwanjani walitambulisha mwishoni mwa 2024 injini mpya kabisa ya silinda mbili, CC 890, kilo 54.4.