Kabla ya Kulipa Karo, Ingia Darasani

Ndugu mzazi, kila msimu wa kuandikisha watoto chekechea, swali letu kwa mwalimu ni lile lile: ataanza lini kusoma na kuandika? Mwalimu naye si mjinga. Akijua kwamba daftari tupu litamkimbizia wanafunzi, atalijaza. Ndiyo maana mtoto wa miaka minne anakalishwa asubuhi nzima akinakili irabu, na jioni anarudi na kazi ya nyumbani ambayo, tuseme ukweli, hufanywa na dada yake. Tunamlaumu mwalimu, ilhali wanunuzi ni sisi.

Hapa Pwani ya Kenya njia nyingine imeshajaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu waliona watoto wao wakibaki nyuma shuleni, wakamwomba Aga Khan msaada. Bi Swafiya Said, mwalimu wa madrasa wa Mombasa, ndiye aliyeibeba tangu mwanzo kazi ya kuanzisha chekechea za jamii. Msingi ulikuwa mfumo wa HighScope kutoka Marekani, ambao humtaka mtoto apange atakachofanya, akifanye, kisha aeleze alivyokifanya. Lakini nyimbo zilikuwa za Kiswahili, dini ilikuwamo, na vitu vya kuchezea vilitokana na vifuu, magunzi, vizibo vya soda na mabaki ya vitambaa. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa huo huo, wakifunzwa na kutembelewa darasani. Mpango huo ukavuka hadi Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda mwaka 1993.

Wapo wanaodhani kumpa mtoto nafasi ya kuchagua ni kumwachia afanye fujo. Mtoto anayeuza vizibo kwenye "duka" lake na kurudisha chenji anafanya hesabu. Wawili wanaogombania sufuria kwenye kona ya jikoni wanajifunza kusemezana, mradi mwalimu yupo karibu, anasikiliza, anauliza, anaongeza neno wasilolijua. Kazi hiyo inachosha kuliko kuimbisha darasa zima. Nami siwezi kumcheka mwalimu aliyepewa watoto sabini peke yake akaamua kuimbisha; angefanya nini?

Njia hizi zimewahi kulinganishwa. Huko Ypsilanti, Michigan, nchini Marekani, watafiti walianza mwaka 1967 kufuatilia watoto 68 kutoka familia maskini, waliogawanywa katika aina tatu za madarasa. Mwanzoni akili zao zilipopimwa, makundi yote yalipanda karibu sawa. Tofauti ilijitokeza baadaye: walipofika miaka 23, waliofundishwa kwa kuelekezwa hatua kwa hatua na mwalimu walikuwa wamekamatwa mara nyingi zaidi kwa makosa makubwa kuliko wenzao waliopewa nafasi ya kuchagua na kucheza. Watoto 68 ni wachache, tusijenge ghorofa juu yao, ila mzazi anayepima chekechea kwa kurasa za daftari afahamu kwamba kuna mambo ambayo daftari haliyaonyeshi.

Basi nawaombeni. Kabla ya kulipa karo, omba ukae darasani nusu saa. Sikiliza ni nani anayezungumza zaidi, mwalimu au watoto. Tazama kama vitu vya kuchezea viko mahali mkono wa mtoto unafika, au vimefungiwa kabatini vikingoja wageni. Akishaanza, ukienda kumchukua mtoto wako, mwulize alicheza na nani na walitengeneza nini. Peleka gunia la vifuu. Mpeleke nyanya anayejua hadithi, asimulie. Nanyi mlio kwenye kamati za shule, futeni usaili wa watoto wa miaka minne. Hao wanatafuta mahali pa kujifunzia, hawatafuti ajira.

Kubwa zaidi ni mshahara wa mwalimu. Kwa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea nchini Kenya iko mikononi mwa kaunti, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kuhusu bajeti kabla haijapitishwa. Tangazo la kikao likitoka, twendeni, tuulize mwalimu wa chekechea ametengewa shilingi ngapi, na atapewa watoto wangapi.