Samaki wa Bakuli Moja

Mtoto anayesoma Mkokotoni hana haja ya kuambiwa kwamba bahari ni ya watu wote. Huviona vyombo vikivuka kwenda Tumbatu, huwaona samaki wakinadiwa pwani, na huwasikia wazee wakinung'unika dema linapotoka tupu. Asichofundishwa ni namna watu wanne wenye njaa wanavyoweza kupatana juu ya mali isiyo ya mmoja wao.

Somo hilo haliingii kwa kunakili ubaoni. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa Marekani, Dennis Meadows, alitunga mchezo wa kuiga uvuvi, ambamo wachezaji hushindana kuvua hadi samaki wakatoweka. Mfano wake mwepesi waweza kuchezwa Mkokotoni kwa komwe za bao. Komwe 40 zitiwe katika bakuli, ndio samaki. Watoto wanne ndio vyombo vinne. Kila zamu kila mmoja aandike kwa siri idadi anayotaka kuvua. Zinazobaki huongezwa mara mbili, ila zisizidi 40. Wakivua 8 kila mmoja, hubaki 8, zikawa 16. Zamu ya pili kila mmoja akichukua 4, bahari imekwisha. Wakivua 5 kila mmoja, hubaki 20, nazo hurudi kuwa 40, zamu baada ya zamu. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Kazi iko katika kumwamini mwenzio kwamba hataandika 6. Hapo mwalimu anyamaze, awaache wabishane, watunge kanuni, na waamue atakayeivunja atafanywa nini.

Kinachozuia si fedha. Ni ratiba, na mkaguzi anayesikia kelele akaandika kwamba watoto wanacheza. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alikwisha kulaumu elimu inayomlea kijana kujijali nafsi yake na kuutukuza mtihani.  Lawama yake inaifaa Unguja vile vile. Mwalimu apimwaye kwa idadi ya waliofaulu tu hawezi kulaumiwa akiziacha komwe nyumbani.

Wakuu wa elimu hawana budi kuukubali mchezo huu kuwa kipindi halali cha hesabu. Na mkaguzi atakapofika akalikuta bakuli mezani, aweke kalamu chini, aketi na watoto, avue zamu moja.